Mtani wa Mama Hanna

Mimi siwezi kukaa jiko moja na mtu nisiyemsalimu. Ndivyo nilivyomwambia Bwana Petro siku alipomleta mama yake kutoka kambi ya Wapolandi, tena sikumwambia kwa upole, maana upole sikujaliwa. Nilimwambia, "Mama yako hajui Kiswahili wala Kiingereza, na mimi Kipolandi sikijui. Kila asubuhi tutakuwa tunatazamana tu kama mbuzi? Nifundishe kumwamkia, au tafuta mpishi mwingine."

Akacheka, akasema lugha yao si Kipolandi. Kwao kulikuwa chini ya serikali ya Poland, ndiyo maana vita vilipowatoa nyumbani walihesabiwa pamoja na Wapolandi, lakini wao walisema Kiukraini. Nikamjibu kwamba jina la lugha halinihusu, mradi ina salamu.

Hiyo ilikuwa baada ya vita vikuu vya pili, katika shamba la mkonge upande wa Magoma. Tuliliita shamba la Mgiriki, ingawa Mgiriki mwenyewe alikuwa amekwisha kufa na meneja alikuwa Mwingereza. Baba yangu aliletwa hapo kutoka Unyamwezi akiwa manamba, kibarua wa mkataba, nami nikazaliwa kambini, nikaolewa kambini na Kasmiri, mnyapara wa wakata mkonge. Bwana Petro alikuwa fundi wa korona, ile mashine inayokamua majani ya mkonge yakabaki singa tupu. Mguu wake mmoja ulikuwa umeharibiwa na baridi ya Urusi, kwa hiyo alitembea akichechemea. Kiswahili chake kilichechemea vilevile, lakini tulielewana.

Basi akawa mwalimu wangu. Jioni, akisha kunywa chai, alikaa barazani akanipa maneno huku mimi nikimenya viazi. Dobroho ranku ni salamu ya asubuhi. Yak spalosya ni umelalaje, na jibu lake ni dobre, vizuri. Diakuyu ni asante. Yizhte ni kula, ukimwambia mtu mzima kwa heshima. Mozhna ndiyo hodi yao, na ile sauti ya katikati sisi hatuna. Inavuma kama nyuki aliyefungiwa kibuyuni. Niliirudia mpaka Kasmiri akaniuliza kama ninaumwa jino. Nilipoambiwa kwamba kwao bibi kizee huitwa baba, hapo niligoma. Nikasema nitamwita mamo, kama anavyomwita mwanawe, na yaishe.

Siku nilipoingia jikoni nikasema, "Dobroho ranku, mamo. Yak spalosya?" yule mama, jina lake Hanna, aliweka kisu chini. Alinishika mikono yote miwili akamwaga maneno, na katika maneno hayo yote nilitambua moja tu, dobre. Lakini alikuwa akicheka huku machozi yanamtoka, nami nilifurahi siku nzima kama niliyezaa. Tangu hapo nilimwamkia kila asubuhi, naye akanitajia kila alichoshika, maji, chumvi, mkate, kijiko. Alipanda bitiruti nyuma ya nyumba kwa mbegu alizotoka nazo kambini zimefungwa kitambaani, akanifundisha kupika supu yao nyekundu iitwayo borshch. Watu wa kambi yetu walisema Bernadina amegeuka Mzungu. Niliwaambia wivu hauna dawa.

Kisha Bwana Petro akafa.

Homa ilimshika ghafla, ikampanda kichwani, na kabla wiki haijaisha tulikuwa makaburini. Wazungu wa mashamba ya jirani walikuja, wakavua kofia, wakasimama kimya. Sisi wa kambi tulipowaona wamenyamaza, tukanyamaza. Hakuna mwanamke aliyepiga yowe. Hakuna mtani aliyejitupa kaburini, wala aliyemwigiza marehemu, wala aliyekimbia na jembe akidai apewe chochote ndipo alirudishe. Tulidhani hiyo ndiyo heshima inayomfaa Mzungu. Tukamrudisha Mama Hanna nyumbani kimyakimya, akaingia kitandani, akageukia ukuta.

Hakula. Nilimpelekea uji, ukapoa. Nilimpelekea mkate na maziwa, nikarudi navyo. Nilimwamkia kwa maneno yale yale aliyoyapenda, hakuitika. Daktari alikuja kutoka Korogwe, akampima, akamwambia meneja kwamba mwili hauna ugonjwa ila huzuni imemzidi, aachwe apumzike, pasiwe na kelele. Basi akanyamaziwa. Meneja alikataza watu wasipite hata karibu na nyumba ile, na vibarua wakawa wanazunguka njia ya mbali. Kimya kikawa kizito, na kila nilipombadilishia shuka nilimwona mwepesi zaidi, mpaka ikawa ninamwinua kama mtoto wa kunyonya. Nilimpenda yule mama. Nilikuwa ninamtazama akifa, na kila mtu aliyekuwa na madaraka alikuwa akiniambia nisifanye kelele.

Aliyenifumbua macho ni Mwantumu. Huyu alikuwa Mzigua wa Sindeni, kule Handeni, aliyeolewa na mkulima jirani na shamba letu, na alileta mihogo na mchicha kuuza kambini. Wazigua na Wanyamwezi ni watani, kwa hiyo tangu tujuane hatukuwahi kuamkiana kama watu. Akinikuta husema, "Na wewe bado hawajakurudisha kwenu?" nami humjibu afadhali sisi tulioletwa na treni kuliko yeye aliyefukuzwa na nyani shambani kwake. Siku hiyo alinikuta nimekalia kinu nyuma ya nyumba. Akanichokoza, sikujibu. Akatua kapu lake.

"Mama Yordani," akasema, na kwa kuniita hivyo, kwa jina la mwanangu, nilijua utani ameuweka kando. "Una nini?"

Nikamweleza yote. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Mtani wake ni nani?"

"Mzungu ana mtani?"

"Mmemzika mtoto wa mtu bila mtani, mkamrudisha mama yake nyumbani na msiba mzimamzima, halafu mnashangaa hali chakula. Nani angekula? Mama yangu alipofiwa na kaka yangu alikaa hivyohivyo, kageukia ukuta. Wakaja Wanyamwezi wenzio, watu wasio na haya. Wakavaa kanzu ya marehemu, wakaomba chakula kwa sauti yake, wakamchukulia mama sufuria. Aliwafukuza na mwiko mpaka njia panda. Aliporudi ndani alikuwa na njaa."

Nilijisikia mjinga, na ujinga wangu ukaniuma. Mimi nimezaliwa katikati ya mambo hayo. Nimeona misiba mingi kambini, na kila mara ni mtani anayemrudisha mfiwa kwenye chakula, kwa kumchokoza mpaka akasirike au acheke, lolote litakalotangulia. Tukamnyima Mama Hanna kwa sababu ya rangi ya ngozi yake na kofia za Wazungu wenzake. Nikasimama nikasema nitakwenda mimi, kwa kuwa lugha ninaijua.

"Wewe huwezi," akasema Mwantumu. "Umempikia marehemu, umemfulia, mpaka sasa macho yamekuvimba. Wewe ni mfiwa. Mfiwa atajitania vipi?"

"Basi aende nani?"

Akafikiri kidogo. "Huyu mama alifikaje huku?"

"Walimtoa kwao kwa nguvu. Wakampakia kwenye treni, wakampa namba, wakamweka kambini."

"Huyo ni manamba," akasema. "Na manamba kwangu mimi ni Mnyamwezi tu. Mtani wake ni mimi." Akajifunga kanga upya kiunoni. "Nifundishe hicho Kiukraini."

Tulikwenda mtoni Lwengera na nguo za kufua, ili asiwepo wa kutuuliza. Mwanafunzi mbishi kama Mwantumu sijapata kumwona, na mwalimu mkali kama mimi naye hakupata kumwona. Nilimwambia aseme dobroho ranku, akaitamka Kizigua kitupu. Nilimwambia tena. Akasema kwanza anataka kujua habari za shamba husemwaje.

"Sijui."

"Za mifugo?"

"Sijui."

"Za wajukuu?"

"Sijui, Mwantumu. Sema mozhna."

"Mwaka mzima unasoma na hujui kumwuliza mtu shamba lake? Watu hawa wanaamkiana au wanapiga chafya?"

Nilimrushia shuka bichi usoni. Akalitoa taratibu, akajifuta nalo paji la uso, akasema, "Diakuyu." Alilitamka vizuri, tena mahali pake hasa. Hapo ndipo nilipoanza kuwa na matumaini.

Kuanzia hapo tulikwenda vizuri. Kila nguo niliyomkabidhi aliipokea kwa diakuyu, kila nilipomwuliza yak spalosya alijibu dobre, akinimegea muhogo alisema yizhte, na akitaka kupita kwenye jiwe langu alisema mozhna kama mtu aliyezaliwa huko kwenye baridi. Lakini mwisho alikaa, akakunja uso. Akasema, "Haya yote ni maneno ya adabu. Utani na adabu wapi na wapi? Marehemu mwenyewe akirudi kutoka kazini alikuwa anasema nini?"

Hilo hakunifundisha mtu, ila masikio yangu yalikuwa nalo. Kila adhuhuri, korona iliposimama, Bwana Petro alifika mlangoni mikono imejaa grisi nyeusi, akapaza sauti kabla hajaingia, "Mamo, ya holodni." Mama, nina njaa. Siku zote alikuwa na njaa yule mtu. Nilipolisema pale mtoni ilibidi ninawe uso. Mwantumu hakunibembeleza. Alilirudia taratibu, akalirudia tena, mpaka likakaa kinywani mwake. Kisha akainuka, akaanza kuchechemea juu ya mchanga, na mimi niliyekuwa ninalia nikajikuta nimeshika mbavu.

Kasmiri aliposikia tunachopanga alikasirika. "Kuvaa nguo za Mzungu aliyekufa? Meneja atasema mmepagawa. Kesho kutwa tutakuwa barabarani na magodoro yetu."

"Baba Yordani," nikamwambia, "mtu anakufa mle ndani."

"Daktari amesema kimya."

"Kimya amekipata. Unaona kimemnenepesha?"

Alinuna, akatoka. Sikujua atafanya nini, nami sikumwuliza. Kesho yake kabla ya adhuhuri alikuja jikoni kwangu, akaweka mezani kopo la grisi kutoka kwenye korona, akaondoka. Huyo ndiye mume wangu, na kwa kopo lile nilimsamehe mengi.

King'ora cha adhuhuri kilipolia, Mwantumu alikuwa tayari. Koti la kaki la Bwana Petro lilimfika magotini. Kofia yake aliiweka juu ya kilemba chake, viatu akavijaza matambara ili visimvuke, na mikono yake yote miwili ilikuwa myeusi mpaka kwenye viwiko. Mimi nilikuwa jikoni, borshch iko motoni, isiyo na kipande cha nyama ili Mwislamu wangu asipate kisingizio. Niliwaza, akishtuka akafa, nitakuwa nimemwua kwa mkono wangu.

"Mozhna?" Mwantumu akabisha.

Kimya.

Akaingia. Nikamfuata mpaka mlango wa chumba. Alikwenda akichechemea, kiatu kikiburuzika sakafuni vilevile kama cha marehemu, akasimama katikati ya chumba, akapaza sauti nene aliyoitoa nisikojua, "Mamo, ya holodni."

Mgongo wa Mama Hanna ulishtuka. Sikuona kitu kingine. Mwantumu akarudia, kwa nguvu zaidi, na kwa ukaidi wa mtoto anayejua chakula kipo. Yule mama akageuka polepole. Akamtazama kuanzia viatu, akapanda mpaka kwenye koti, mpaka kwenye kofia iliyokaa upande juu ya kilemba, na chini ya kofia akauona uso wa Mwantumu, mweusi, mnene, umevimbishwa mashavu. Nilitaka kumvuta Mwantumu nje. Sijui ni nini kilichonizuia.

Maneno ya Mwantumu yakawa yamekwisha. Nilimwona anatafuta kichwani, na mtani hawezi kusimama kimya, kwa hiyo akamwaga yaliyomjia, swali na jibu, kwa pumzi moja: "Yak spalosya? Dobre. Diakuyu. Dobroho ranku. Dobre. Mamo, ya holodni." Kisha akajitupa kwenye kiti cha Bwana Petro, akanyoosha ile mikono yenye grisi kuelekea shuka jeupe la kitanda.

"Ruki," akasema Mama Hanna.

Sauti ilikuwa imekauka, lakini ilikuwa ya ukali. Mikono. Ndilo neno alilomkemea nalo mwanawe kila adhuhuri, asiguse kitu kabla ya kunawa. Mwantumu hakulijua, ila ukali aliuelewa, na mtani akionyeshwa ukali ndipo anaposogea. Akasogeza vidole vyake karibu kabisa na shuka.

Mama Hanna akatoa miguu kitandani. Akasimama akishika ukuta ule ule aliokuwa ameugeukia. Alimshika Mwantumu kwenye kiwiko, akamvuta mpaka kwenye karai, na mimi nikakimbilia maji na sabuni. Alimnawisha kidole kimoja kimoja. Alilia akimnawisha, akalia kwa sauti, yowe lenyewe ambalo tulilizuia makaburini, na lilisikika mpaka kambini. Mwantumu naye akalia, bado amevaa kofia. Halafu Mama Hanna alipoinua macho akaiona ile kofia tena na chini yake lile pua linalotiririka, kicheko kikamtoka katikati ya kilio. Alijaribu kukizuia, akashindwa.

Nikaleta borshch mezani. Mama Hanna akamketisha Mwantumu, akamsogezea bakuli, akamwambia, "Yizh." Kula. Mwantumu akakunja mikono yake safi kifuani, akatikisa kichwa.

"Mamo yizhte," akasema. Kula wewe, mkubwa.

Wakatazamana. Huyu mkaidi wa Sindeni na yule mkaidi wa nchi ya baridi, na mimi nimesimama na mwiko mkononi. Mama Hanna akachukua kijiko. Nusu ya supu ilirudi bakulini, lakini nusu nyingine ilifika. Kisha akatia kijiko cha pili. Nilikwenda jikoni, nikafunga mlango, nikapiga vigelegele peke yangu, na meneja kama alisikia basi alisikia.

Mambo yangeishia hapo kama Mwantumu asingekuwa mtani kamili. Tulipomaliza kula aliinuka, akasema diakuyu kwa heshima zote, akavua koti, akajitanda kanga yake, akatoka na kofia kichwani. Mama Hanna akaelewa alipomwona amefika uwanjani. Akaita. Mwantumu akaongeza mwendo, anachechemea. Mama Hanna akatoka mlangoni, akashuka ngazi za baraza, akamfuata juani, mtu aliyekuwa haamki kitandani, mkono mmoja ameuweka begani kwangu na mwingine anautikisa hewani, akitukana kwa Kiukraini maneno ambayo Bwana Petro hakuwahi kunifundisha.

Tukamfukuza Mwantumu mpaka kambini. Watu walitoka majumbani na sahani zao. Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Walimwona Mzigua na kofia ya marehemu, wakamwona mfiwa nyuma yake, wakaanza kushangilia. Wanawake walipiga vigelegele, wazee wakamwambia Mwantumu asiirudishe bure. Nilimweleza Mama Hanna kwa mikono na kwa maneno machache niliyokuwa nayo kwamba ndiyo desturi, kitu cha marehemu hukombolewa. Alikuwa anahema. Alitazama nyuso zote zile zilizokuwa zimemnyamazia, sasa zinacheka naye. Akanituma kwake nikamlete kuku mmoja.

Alimkabidhi Mwantumu kuku, akapokea kofia, akaifuta vumbi, akaivaa mwenyewe. Tukadhani yamekwisha. Mwantumu alikuwa bado anamtazama kuku wake kama amenona, Mama Hanna akanyakua kanga mabegani mwake, akageuka, akaenda zake nyumbani nayo. Hakuna aliyemfundisha hilo. Kambi nzima ilipasuka kwa kelele, na Kasmiri, mnyapara mwenye heshima zake, alikaa chini kabisa kwa kicheko.

Kesho yake adhuhuri Mwantumu alikuja kukomboa kanga yake, na kapu la mihogo kichwani. Tulipanda barazani pamoja, akabisha, "Mozhna?" na tukasikia tunakaribishwa. Tulimkuta Mama Hanna mezani, kijiko mkononi, bakuli liko nusu. Alikuwa ameanza kula. Hakutungoja.